Tulisimama pamoja, tukala sahani moja: kwa nini mke wangu alizimia kwenye tamasha na mimi sikuzimia?

#1 Mwana Chuno (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu.

Jumamosi nilikwenda na mama watoto kwenye tamasha la muziki hapa Mtwara mjini, uwanja wa wazi. Yeye ni mwalimu Newala, mimi riziki yangu iko huku chini, kwa hiyo tunaonana kwa ratiba. Alishuka Ijumaa jioni. Tangu mwezi wa 9 nilimwahidi kwamba nitampeleka na tutasimama mbele kabisa.

Mchana tulikula sahani moja, wali na changu wa kukaanga. Njiani tukanunua ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Tulikuwa na chupa mbili kubwa za maji, mlangoni tukaambiwa tuziache, maji yanauzwa ndani. Ndani foleni ya maji ilikuwa ndefu kuliko ya kuingilia, na ukienda kupanga foleni nafasi yako ya mbele imeondoka. Tukasema tutavumilia. Tuliingia saa tisa alasiri.

Saa moja na nusu usiku alipanda msanii ambaye kila mtu alikuwa anamsubiri. Umati wote ukasogea mbele kwa mkupuo. Nilimshika mkono, akaniambia "masikio yanaziba". Nikadhani ni spika. Kidogo nikaona kichwa chake kimelala mgongoni kwa kijana aliyekuwa mbele yetu. Macho yamefumba. Na mwili bado umesimama, kwa sababu hapakuwa na nafasi hata ya kuanguka!

Watu walinisaidia, Mungu awalipe. Walimpitisha juu kwa juu kwa mikono mpaka kwenye uzio. Alipolazwa chini akazinduka, akauliza tuko wapi. Zahanati walimpima presha na sukari, wakampa maji ya ORS, saa tano tukaruhusiwa.

Leo ni Jumanne na bado sijalala vizuri. Chakula kimoja, jua moja, saa zilezile. Kwa nini yeye? Mama mkwe ana jibu lake, jirani ana lake, mimi mwenyewe sina.

#2 Korosho Ghafi
Pole sana mkuu. Kesho asubuhi pita duka la dawa ununue kipimo cha mimba. Andaa na jina kabisa.

#3 Binti Mikindani
Pole kaka. Nakaa hapa nisubiri wataalamu, mwezi ujao nina mpango wa kwenda na mdogo wangu Lindi.

#4 Nesi wa Kata
Pole sana, na shukuru Mungu alizinduka mapema.

Kwa ulivyoeleza, hii inaonekana ni kuzimia kwa kawaida kwa mtu aliyesimama muda mrefu kwenye joto. Mwili ukipata joto unafungua mishipa ya ngozi ili ujipoze. Damu nyingi inakwenda kwenye ngozi, na kwa kuwa umesimama inashuka miguuni. Misuli ya miguu ndiyo inayoisukuma kurudi juu, ila ifanye hivyo lazima miguu itembee. Ukisimama pale pale masaa manne, damu inayofika kichwani inapungua. Masikio yanaziba, macho yanaona giza au manjano, unakwenda. Ndiyo maana alipolazwa tu akarudi.

Maswali yangu: alikuwa anatoka jasho au ngozi ilikuwa kavu? Alichanganyikiwa kwa muda gani baada ya kuamka? Kuna dawa yoyote alikunywa siku hiyo? Alikwenda haja ndogo mara ngapi tangu mchana?

#5 Mzee wa Forodhani
Vijana mnatafuta mbali. Tazameni kalenda ya upepo. Huu ni mwezi wa 11. Kusi limekufa, kaskazi halijakaza. Sisi wavuvi wa Mikindani kipindi hiki tunakijua, ngalawa inalala majini kama imefungwa. Pwani yote hewa imesimama na unyevu umejaa. Shati likilowa jasho linabaki limelowa mpaka unarudi nyumbani. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Tamasha hilohilo lingefanywa mwezi wa 7, mkeo angerudi akiomba sweta.

#6 Dogo wa Tandahimba
Mzee #5 amesema kweli ila ameacha jambo. Shemeji anatoka Newala! Kule ni juu ya uwanda, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, usiku watu wanavuta blanketi. Mwili wa Newala umeletwa pwani Ijumaa, Jumamosi unawekwa juani. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto. Mleta uzi wewe uko huku mwaka mzima, damu yako imeshazoea. Jibu ndilo hilo, uzi ungeweza kufungwa.

#7 Korosho Ghafi
Uzi haufungwi mpaka kipimo kisome.

#8 Mwana Chuno (mleta uzi)
Nesi, asante. Jasho lilikuwa linamtoka sana, nguo ilikuwa imelowa. Kuchanganyikiwa labda dakika mbili tatu. Haja ndogo hakwenda kabisa tangu tuingie, na nimemuuliza, anasema alijizuia kunywa maji mchana kwa makusudi kwa sababu aliogopa vyoo vya uwanjani. Hilo sikulijua. Mimi nilikunywa kama kawaida nyumbani.

Dawa: alikuwa na mafua, alimeza Piriton mbili asubuhi.

Korosho Ghafi, kipimo tumefanya leo. Hakuna kitu. Jina weka akiba.

#9 Nesi wa Kata
Hapo sasa umefungua mlango mwingine. Piriton inaleta usingizi na pia inapunguza uwezo wa mwili kutoa jasho. Mtu anayejizuia maji, kameza Piriton, kasimama juani... Lakini umesema jasho lilikuwa linamtoka, kwa hiyo siwezi kuitupia lawama yote.

Kwa wengine wote: mtu wenu akizimia mlazeni chali, inueni miguu, fungueni nguo zinazobana, mpeni hewa. Msimsimamishe. Msimmiminie maji mdomoni kabla hajazinduka, yatakwenda kwenye mapafu. Na mkiona mtu ana joto kali, anaongea maneno yasiyoeleweka au anadegedeka na hali haimtoki, hicho ni kiharusi cha joto. Mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, mkimbizeni hospitali. Usisubiri wimbo uishe.

#10 Mama Lishe wa Raha Leo
Mwanangu pole. Wali na samaki chumvi ipo, hapo nakuelewa. Lakini ming'oko inashiba bila kumpa mtu maji, na mnakaa masaa mengi hamnywi. Mimi huwa nawaambia wateja wangu wanaokwenda uwanjani: anza kunywa tangu asubuhi, dafu moja, ndizi, mchuzi wenye chumvi. Nyumbani changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vikubwa vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi.

#11 Nesi wa Kata
Mama samahani, vijiko sita VIDOGO vya sukari, vya chai. Na nusu kijiko hicho hicho kidogo cha chumvi. Vikubwa sukari inazidi na inaweza kumharisha mtu akapoteza maji zaidi.

#12 Mama Lishe wa Raha Leo
Asante mwanangu. Wasome hiyo ya nesi, vidogo.

#13 Fundi Spika
Nimefunga mitambo kwenye matamasha kuanzia Lindi mpaka Songea, naomba niseme ninachokiona kutoka jukwaani, maana nyie mnaangalia mbele, mimi nawaangalia nyie.

Mleta uzi ameandika sentensi moja ambayo wote mmeiruka: "hapakuwa na nafasi hata ya kuanguka". Chora chaki sakafuni, mraba wa mita moja kwa mita moja. Ingizeni watu wawili watatu, mnacheza vizuri. Wanne, mnagusana. Wakizidi watano mwili wako si wako tena, umati unakubeba kama wimbi. Wakifika saba, kifua hakipanuki. Mtu anavuta pumzi fupi fupi, hewa haiingii ya kutosha, anazimia akiwa amesimama. Hapo jua halina kesi, ilikuwa saa moja na nusu usiku!

Nikimuona msanii mkubwa anapanda huwa natazama vichwa vya mbele. Vikianza kuyumba pamoja kulia kushoto kama mahindi, moyo unanidunda. Kuna siku nimemwomba MC asimamishe muziki watu warudi hatua tatu nyuma, alikubali, na watu walirudi. Dakika mbili tu.

#14 Dogo wa Tandahimba
Fundi, kule Houston Marekani 2021 si watu walikufa kwa joto kwenye tamasha? Joto linaua hata usiku. Na pale Uhuru Dar walikufa watu 20 kwa kukosa hewa na jua.

#15 Msomaji wa Mtanda
Umechanganya mambo matatu kaka.

Houston ilikuwa tarehe 5 Novemba 2021, walikufa watu 10, na sababu ilikuwa kubanwa kifua na umati, siyo joto. Ya joto ni Rio de Janeiro, Novemba 2023, onesho la Taylor Swift, binti wa miaka 23 alifariki. Baada ya pale serikali ya Brazil ikaamuru watu waruhusiwe kuingia na maji yao.

Uwanja wa Uhuru ni tarehe 21 Machi 2021, siku ya kumuaga Rais Magufuli, walikufa 45 kwa msongamano. Hao 20 unaowasema ni Moshi, Februari 2020, kwenye mkutano wa ibada. Zote mbili ni watu kusukumana.

#16 Dogo wa Tandahimba
Nimeelewa, asante kwa kunisahihisha. Ila kwa shemeji bado nasimama na Newala.

#17 Bajaji ya Magomeni
Mleta uzi, shemeji urefu wake unafika wapi kwako?

#18 Mwana Chuno (mleta uzi)
Begani. Kwa nini?

#19 Bajaji ya Magomeni
Basi mimi nalala hapo. Wewe kichwa chako kiko juu ya umati, unapata kaupepo kutoka baharini hata kama ni kadogo. Yeye pua yake iko kwenye migongo na makwapa ya watu. Mke wangu ni mfupi pia, tuliwahi kwenda pamoja, akaniambia nichuchumae nisimame usawa wake. Wallahi nilikaa dakika moja tu nikakubali kurudi nyuma. Ni kama umeingia kwenye chungu kimefunikwa. Tangu siku ile kwetu anayechagua pa kusimama ni yeye.

#20 Binti Mikindani
Hii ya #19 sijawahi kuisikia na nimeiamini papo hapo. Sisi wafupi tumekuwa tukisema hatusikilizwi.

#21 Mwenye Tasbihi
Assalaam alaykum. Naomba msinicheke, nasema nililolelewa nalo. Magharibi ni saa nzito. Wazee wetu hawakuwa wanawaacha wanawake na watoto uwanjani saa ya jua kuzama, hasa karibu na bahari au mibuyu. Muda aliozimia ni baada tu ya magharibi. Na anasema masikio yaliziba. Mama mkwe ana jibu gani, mleta uzi? Nahisi linafanana na langu.

#22 Mwana Chuno (mleta uzi)
Waalaykum salaam. Ndiyo, mama mkwe amesema hivyo hivyo, na amemsomea. Sijamkatalia, ni mzazi na amefanya kwa upendo.

#23 Nesi wa Kata
Shehe #21, hakuna wa kukucheka. Ninachoomba ni kimoja: maji na kulazwa chini vitangulie, kisomo kifuate. Nimeona mgonjwa aliyeshikiliwa ameketi wima nusu saa anasomewa wakati alihitaji kulala tu.

#24 Mwenye Tasbihi
Hilo tumekubaliana dada.

#25 Mzee wa Forodhani
Nirudi kidogo. Fundi wa #13 amenikumbusha kitu. Sisi tumekua na ngoma. Sindimba, mapiko, ngoma za jando zikitoka, watu wanajaa kijiji kizima. Lakini ngoma ina duara. Katikati pako wazi, wachezaji wana uwanja, vumbi linapanda na hewa inaingia. Mtoto akichoka anatoka nyuma ya duara anakaa chini ya mwembe. Hakuna "mbele". Kila mtu yuko mbele.

Jukwaa limekuja na upande mmoja. Watu elfu wote wanataka kufika kwenye ubao ule ule. Hapo ndipo panapozaliwa msukumano. Hata tamasha la MaKuYa, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, nilipohudhuria nilikaa, nikanywa maji, nikarudi na nguvu zangu.

#26 Korosho Ghafi
Mzee na kwenye ngoma watu walikuwa wanaanguka pia. Bibi yangu Nanyamba alinisimulia wanawake wanaanguka kwenye unyago mpaka wanabebwa.

#27 Mzee wa Forodhani
Walikuwa wanaanguka, kweli. Wengine kwa uraka, ile pombe ya mabibo. Wengine kwa njaa. Wengine hatukuuliza. Lakini walikuwa na pa kuangukia.

#28 Mama Lishe wa Raha Leo
Mzee umenigusa hapo mwisho.

#29 Msomaji wa Mtanda
Tukiwa kwenye uraka: msimu huu wa mabibo ndiyo msimu wa korosho, minada imeanza, hela ipo mifukoni, ndiyo maana matamasha yanaletwa kusini mwezi huu huu. Wasafi Festival ya kwanza, Novemba 2018, ilianzia Mtwara, pale uwanja wa Nangwanda Sijaona. Kwa hiyo hela inakuja na joto linakuja siku moja. Ukisema tamasha lisogezwe mwezi wa 7 kama #5, mwezi wa 7 mkulima hana nauli ya kutoka Masasi.

#30 Fundi Spika
Hapo umesema ukweli wa biashara. Mwezi wa 7 tunafunga mitambo kwenye harusi tu.

Na niwape siri moja ya kazi. Sauti nzuri haiko mbele. Mbele unapigwa na besi kifuani na maneno hayasikiki. Sauti tunaipanga tukiwa kwenye meza ya mitambo, katikati ya uwanja. Simama jirani na meza yetu. Ndiyo sauti aliyoikusudia msanii, na pale kuna uzio, kuna nafasi, na kuna njia ya kutokea.

#31 Bajaji ya Magomeni
Fundi mwakani tutakujazia hapo, utajuta kutuambia.

#32 Binti Mikindani
Naomba nirudi kwenye maji. Mlangoni mnaambiwa muache chupa, ndani muuzaji mmoja. Hii inaniuma kuliko Newala, Piriton na magharibi. Sababu wanayotoa ni kwamba chupa hurushwa jukwaani. Sawa, tumwagieni kwenye vikombe vya plastiki, au wekeni mapipa ya maji ya bure. Mtu amelipa kiingilio, kiu siyo bidhaa.

#33 Dogo wa Tandahimba
Unga mkono. Na wekeni njia ya kutokea katikati ya umati, mtu asibebwe juu kama gunia.

#34 Mwana Chuno (mleta uzi)
Wakuu, nimekaa na mke wangu usiku huu nimemsomea uzi wote, kuanzia #1. Amecheka kwenye #2, amenyamaza sana kwenye #27. Ameniomba niandike maneno yake kama yalivyo:

"Sikuhisi joto la kunishinda. Joto nililizoea kidogo kidogo tangu saa tisa. Kifua kilibana kweli lakini kabla ya kubana nilisikia harufu ya moshi, kama mafuta ya dizeli, ikanipanda kichwani na kichefuchefu kikaja. Nilitaka kumwambia mume wangu tutoke. Nikamwangalia, anaimba kwa furaha, na yeye ndiye aliyehangaika kunipeleka. Nikasema nivumilie wimbo mmoja."

Hilo la mwisho ndilo limenimaliza. Mimi nilikuwa navumilia kwa ajili yake, miguu inaniuma tangu saa kumi na moja, nikidhani yeye ndiye anayetaka kubaki mbele.

#35 Mama Lishe wa Raha Leo
Wanangu. Mwambie nampa salamu nyingi sana.

#36 Nesi wa Kata
Asante kwa kumpa nafasi aongee mwenyewe, tulitakiwa kumuuliza tangu mwanzo. Kichefuchefu kinakuja kabla ya kuzimia hata bila moshi, ni dalili ile ile ya damu kupungua kichwani. Kwa hiyo harufu inaweza kuwa chanzo, inaweza kuwa mwili ulikuwa tayari unashuka na harufu ikamzidi. Siwezi kukata shauri nikiwa hapa. Akija tena mjini apimwe damu, wingi wa damu hasa. Hilo hatujaliuliza kabisa.

#37 Fundi Spika
Moshi wa dizeli? Mlisimama upande gani wa jukwaa ukiwa unalitazama?

#38 Mwana Chuno (mleta uzi)
Kulia, kama hatua kumi kutoka kwenye uzio.

#39 Fundi Spika
Jenereta nyingi tunaziweka nyuma ya jukwaa, mbali. Lakini kulia kuna wakati wauza chipsi na wenye taa zao wanakuja na vijenereta vidogo, na vile moshi wake uko chini chini, usawa wa kifua cha mtu. Uliona chochote?

#40 Mwana Chuno (mleta uzi)
Chipsi zilikuwepo upande ule. Jenereta sikuangalia.

#41 Mzee wa Forodhani
Na hakukuwa na upepo wa kuuondoa huo moshi. Nimesema tangu #5.

#42 Bajaji ya Magomeni
Na yeye ndiye aliyekuwa usawa wa moshi. Nimesema tangu #19.

#43 Dogo wa Tandahimba
Na Newala hakuna moshi wa jenereta. Sisemi zaidi.

#44 Binti Mikindani
Mleta uzi, shemeji anarudi lini Newala? Na mwezi ujao Lindi mkija, mimi na mdogo wangu tutasimama karibu na meza ya fundi. Naleta ndimu na chumvi kwenye karatasi, maana hiyo mlangoni hawaizuii.

#45 Mwana Chuno (mleta uzi)
Anapanda kesho na gari la asubuhi. Nimemuuliza kuhusu Lindi. Amesema atakuja, ila yeye ndiye atakayeshika mkono wangu, na akivuta mara moja tunatoka bila kuuliza.